Kuvua Trauti kwa Boti Kwenye Ziwa la Mlimani: Kina Kwanza, Chambo Mwisho

Aliyezoea kuvua mtoni husoma maji kwa macho: jiwe lile, mkondo ule, kivuli cha ukingo ule. Ziwa la mlimani halisomeki hivyo. Maji ni mapana, rangi ni moja, na chini ya boti panaweza kuwa na mita 5 au mita 80 bila uso wa maji kukuonyesha tofauti yoyote. Wengi huzunguka siku nzima wakibadilisha chambo hiki na kile, wakarudi mikono mitupu, kumbe samaki walikuwepo muda wote, mita 10 chini ya chambo chao. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja ambao ninauamini kabisa: tafuta kina, kisha mahali, kisha mwendo wa boti. Rangi ya chambo ije mwisho.

Kabla ya yote, wajue unaowatafuta. Trauti wa kahawia (Salmo trutta) asili yake ni Ulaya na maeneo ya jirani. Hupenda kingo, miteremko ya chini ya maji na mwanga hafifu. Trauti upinde wa mvua (Oncorhynchus mykiss) alitoka kwenye mito na maziwa ya upande wa Bahari ya Pasifiki, huko Amerika Kaskazini na mashariki ya mbali ya Urusi. Huyu hutembea zaidi, na si ajabu kumkuta katikati ya ziwa, mbali na ukingo wowote, akifuata chakula kinachoelea. Trauti wa kijito (Salvelinus fontinalis), wa mashariki mwa Amerika Kaskazini, hustahimili baridi kuliko wote wawili na hupatikana hata kwenye maziwa madogo yaliyo juu sana. Tangu karne ya 19 watu wamewapandikiza samaki hawa kwenye maziwa ya milima karibu duniani kote, kwa hiyo uliza mapema ziwa lako lina nani. Jibu litabadilisha namna utakavyovua.

Hatua ya 1: Kibali

Kata leseni ya kuvua, na uulize kama boti nayo inahitaji kibali chake. Maziwa mengi ya milimani hayaruhusu injini ya petroli, mengine yanaruhusu ya umeme tu, mengine makasia peke yake. Uliza pia msimu wa kufunga, urefu wa chini wa samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa, idadi kwa siku, mishipi mingapi inaruhusiwa kwenye boti moja, na kama ndoana zinatakiwa ziwe hazina jino. Trauti wa kahawia na wa kijito hutaga majira ya vuli, upinde wa mvua kwa kawaida hutaga majira ya kuchipua, na sheria nyingi hufunga uvuvi kufuatana na nyakati hizo.

Hatua ya 2: Tayarisha boti kana kwamba utaanguka majini

Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu maji ya ziwa la mlimani huua watu wanaojua kuogelea vizuri kabisa. Mtu akitumbukia kwenye maji ya nyuzi 10 za Selsiasi au chini yake, kwanza hupigwa na mshtuko wa baridi: anavuta pumzi kubwa bila kutaka, kisha anahema mbiombio kwa dakika moja hivi. Pumzi ile ya kwanza ikivutwa kichwa kikiwa chini ya maji, mambo yameishia hapo. Akipita dakika hiyo, anabakiwa na kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inamtii. Baada ya hapo vidole havishiki tena kamba. Kupoteza fahamu kwa sababu ya mwili kupoa huchukua muda mrefu zaidi, karibu saa nzima. Maana yake, kinachoua wengi si kule kupoa bali ni kuzama kabla ya kupoa, na kinachozuia kuzama ni jaketi okozi lililovaliwa na kufungwa. Lililowekwa chini ya kiti halisaidii. Katika dakika ile ya kwanza hutaweza kulivaa.

Boti ya mita 4 hadi 4.5 yenye kingo za kutosha inatosha watu wawili na vifaa vyao. Weka ndani yake makasia mawili na moja la akiba, upo au ndoo ya kukumbia maji, nanga yenye kamba ndefu, filimbi, kisu, na mfuko usiopitisha maji wenye nguo kavu, sweta, kofia na simu. Kama injini ina kamba ya usalama inayoizima ukianguka, ifunge mkononi au kwenye jaketi. Mkubaliane kabla ya kuondoka: hakuna kusimama wawili kwa pamoja, na mtu akianguka apandishwe kupitia nyuma ya boti, si ubavuni, maana ubavuni boti hupinduka.

Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo usishangae ikichoka kwenye ziwa lililo mita 2,000 juu. Ya umeme haiathiriki na kimo, ila baridi hupunguza chaji ya betri. Jua nalo ni kali kuliko linavyohisiwa: mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, na maji huirudisha usoni kutoka chini. Vaa kofia pana na miwani inayokata mng'ao. Utaihitaji miwani hiyo hata kwa kuona mahali ukingo wa chini unapokatika na maji yanapoanza kuwa meusi.

Hatua ya 3: Pima joto, upate kina

Hiki ndicho kiini cha mambo. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Kwa hiyo majira ya joto ziwa lenye kina hujipanga matabaka: juu maji ya vuguvugu na mepesi, chini maji baridi na mazito, na katikati tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla, nyuzi moja au zaidi kwa kila mita. Trauti hujisikia vizuri kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi. Yakipita 20 huanza kuteseka, kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo ilhali mwili wake unaihitaji zaidi. Milimani tatizo hilo huja mapema kuliko nyanda za chini, maana kwenye kimo cha mita 2,000 shinikizo la hewa ni chini ya asilimia 80 ya lile la usawa wa bahari, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hichohicho.

Samaki basi hukaa mahali joto, oksijeni na chakula vinapokutana, na katikati ya majira ya joto mahali hapo mara nyingi ni sehemu ya juu ya lile tabaka la katikati. Inaweza kuwa mita 6, inaweza kuwa mita 15. Usikisie, pima.

Huhitaji chombo cha ghali. Chukua kipimajoto cha maji, kizungushie sponji nene na kuifunga kwa uzi, ongeza chubwi nzito chini, kisha kifunge kwenye kamba uliyoitia fundo kila mita. Kiteremshe hadi mita 3, kiache dakika 5, kivute kwa haraka na usome hapohapo. Sponji huloa maji ya kule chini na kukilinda kipimajoto kisibadilike kikipita kwenye maji ya vuguvugu. Rudia kwenye mita 6, 9, 12 na 15, ukiandika kila kipimo. Utaona namba zikienda taratibu, 17, 17, 16, kisha ghafla 11, kisha 8. Pale kati ya 16 na 11 ndipo pa kuanzia. Kazi yote haimalizi hata saa moja, na nakusihi usiiruke hata kama samaki wanaruka mbele yako.

Kama una kipima kina cha sauti, kiongeze unyeti. Mara nyingi tabaka lile hujitokeza kwenye skrini kama ukungu mwembamba uliolala, kwa sababu vijidudu vingi hukusanyika hapo. Alama za samaki zikining'inia juu kidogo ya ukungu huo, umeshapata jibu.

Kuna nyakati tatu ambazo hesabu hii hubadilika. Barafu inapoyeyuka, ziwa zima lina joto karibu sawa kuanzia juu hadi chini, na trauti hukaa karibu na uso na kingo, hasa kwenye maji ya chini ya mita 3 yanayopata jua mapema na mahali vijito vinapoingia. Vuli, maji ya juu yakipoa hadi kulingana na ya chini, ziwa hujichanganya lote na samaki hupanda tena. Tena maziwa yaliyo juu kabisa, yale yanayolishwa na theluji mwaka mzima, huenda uso wake usipite nyuzi 14 hata siku ya joto kali, na hapo trauti hula juu majira yote. Ndiyo maana nasema upime. Ziwa la jirani haliwezi kukujibia kuhusu ziwa lako.

Hatua ya 4: Usome upepo kabla haujakusoma

Milimani upepo una ratiba. Usiku na alfajiri hewa baridi hushuka taratibu kutoka miteremkoni, na ziwa mara nyingi hutulia. Jua likishapasha miteremko, kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, upepo wa bonde huanza kupanda, hukaza mchana, kisha hulegea jioni. Panga safari yako kwa ratiba hiyo: alfajiri nenda upande ambao upepo wa mchana utakusukuma kurudi nao nyumbani. Kupiga makasia kilomita mbili dhidi ya upepo, umechoka na mawimbi yakikumwagikia, ndipo makosa ya hatari hufanyika.

Upepo huohuo ni rafiki wa mvuvi. Husukuma maji ya juu, pamoja na wadudu walioangukia majini, hadi ukingo unakoelekea, na trauti hulijua hilo. Ukingo uliopigwa na mawimbi madogo kwa saa mbili tatu, maji yakiwa yameanza kuchafuka kidogo, una chakula kuliko ule ulio kimya na wa kupendeza. Angalia pia mistari myembamba ya maji laini inayolala kufuata upepo ikiwa na povu na mabawa ya wadudu. Samaki huipita mistari hiyo wakila kama wanyama wanaochunga.

Dhoruba ni jambo jingine. Mawingu meupe yakianza kurefuka kwenda juu mchana, elekea ukingoni kabla hujasikia ngurumo. Ukiona radi, hesabu sekunde hadi usikie mngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja, na sekunde 30 ni kilomita 10, umbali ambao tayari ni hatari kwa mtu aliyeketi katikati ya maji na ufito mrefu mkononi. Kwenye maziwa ya Uswisi na kwenye Bodensee, ziwa lililo mpakani mwa Uswisi, Ujerumani na Austria, kuna taa za onyo ukingoni: zikimulika mara 40 kwa dakika ni tahadhari, zikimulika mara 90 kwa dakika dhoruba inakuja, ondoka majini mara moja. Alpi zina pia upepo uitwao föhn, wenye joto na ukavu, unaoporomoka kutoka vileleni siku ambayo anga inaweza kuwa safi kabisa. Kwenye Urnersee, ambayo ni sehemu ya Ziwa Lucerne, hupita kilomita 100 kwa saa. Pasipo na taa, mwulize mwenyeji ishara ya upepo mbaya wa pale, uifuate.

Hatua ya 5: Vifaa, kwa ufupi

Ufito wa mita 2.1 hadi 2.7 wenye ncha laini, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) yenye breki nzuri, na mshipi wa nailoni wa milimita 0.22 hadi 0.25. Mbele yake funga mita 2 za mshipi mwembamba zaidi usioonekana kwa urahisi, kwa sababu maji haya ni angavu na trauti ana macho. Kati ya mshipi na chambo weka kiungo kinachozunguka, la sivyo kijiko, yaani chambo cha bati chenye umbo la kijiko, kitausokota mshipi wote kabla ya saa sita mchana.

Chambo cha kuanzia: vijiko vyembamba vya sentimita 4 hadi 7, kimoja cha fedha, kimoja cha shaba, kimoja cheusi chenye doa jekundu, pamoja na samaki wa bandia wawili wembamba. Hivyo vinatosha. Angavu kwa siku ya jua, cha giza kwa alfajiri na mawingu. Zaidi ya hapo ni kununua kwa ajili ya kufurahisha macho yako mwenyewe.

Hatua ya 6: Kurambaza kwenye kina ulichopata

Kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayokwenda polepole, ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuchunguza ziwa usilolijua. Swali ni namna ya kukipeleka chambo chini na kukiacha hapo.

Kijiko kisicho na uzito, kikiwa mita 30 hadi 40 nyuma ya boti, huenda mita 1 au 2 chini ya uso, na hicho ni kina cha majira ya kuchipua. Kwa kina cha wastani kuna mshipi wenye uzi wa risasi ndani, uliopakwa rangi tofauti kila mita 9 hivi. Kwa mwendo wa polepole kila rangi huzama kama mita 1.5, kwa hiyo rangi 4 hukupa takriban mita 6 na rangi 8 takriban mita 12. Kwa kina zaidi kuna winchi ndogo inayofungwa ukingoni mwa boti, ikiteremsha tufe la risasi la kilo 3 hadi 5 kwa waya. Mshipi wako hubanwa kwenye kibanio karibu na tufe, na samaki akivuta, mshipi huchomoka na mnabaki wewe naye. Huna vyote hivyo? Funga chubwi ya gramu 30 hadi 60 mita 2 mbele ya kijiko, punguza mwendo, na ujue kwamba kipimo chako ni cha kukadiria.

Weka chambo juu kidogo ya kina ulichopima, mita moja hivi, wala usikiweke chini yake. Macho ya trauti yameelekea juu na mbele. Hupanda kwa hiari kukifuata kitu, lakini kushuka hushuka kwa shida.

Kabla ya kuachia mshipi, shusha kijiko ubavuni mwa boti na ukitazame kwa makini. Kinatakiwa kiyumbe kushoto na kulia huku kikipepesa, bila kujizungusha chenyewe. Kikizunguka, mwendo umezidi. Kikilegea na kunyooka tu, mwendo hautoshi. Sasa tazama ncha ya ufito: mtikisiko uleule wa kijiko utauona pale, mdogo, wa haraka, wa kupimika. Uzoee. Mtikisiko ukikoma bila ufito kupinda, jani au mwani umenasa ndoanani, na tangu hapo unaburuta takataka. Vuta, safisha, rudisha. Anayeitazama ncha ya ufito wake huvua saa zote alizo majini. Asiyeitazama huenda akavua nusu tu ya saa hizo, wala asijue.

Mwendo mzuri ni kilomita 2.5 hadi 4 kwa saa, yaani polepole kuliko mtu anayetembea. Ukikosa kifaa cha kupimia, tupa kibanzi cha mti majini kwenye omo (mbele ya boti) na uhesabu kinavyopita hadi tezi (nyuma yake). Kwenye boti ya mita 4.5, sekunde 5 ni takriban kilomita 3.2 kwa saa. Makasia ni mazuri sana kwa kazi hii, kwa sababu kila pigo huongeza kasi kidogo kisha huipunguza, na kijiko hupanda na kuanguka kama samaki mdogo aliyejeruhiwa.

Usiende mstari ulionyooka. Pinda kushoto, pinda kulia, mipindo mirefu. Boti ikipinda, chambo cha upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, cha upande wa nje huongeza mwendo na kupanda. Samaki akishika cha ndani, amekwambia anataka polepole au chini zaidi. Akishika cha nje, kinyume chake. Badilisha mishipi yote ifuate jibu hilo. Katika mambo yote ya kurambaza, hili ndilo ningemfundisha mgeni kwanza, maana hugeuza samaki mmoja kuwa habari ya wengine.

Na njia gani ufuate? Fuata mstari ambapo kina ulichopima kinakutana na mteremko wa chini. Kama samaki wako mita 9, zunguka ziwa juu ya mahali ambapo sakafu yake ina mita 9 hadi 15, ukipita midomo ya vijito, ncha za nchi kavu zinazoendelea chini ya maji, na vilima vilivyozama. Hapo una trauti wa kahawia. Pakishindikana, kata katikati ya ziwa kwenye kina kilekile umtafute upinde wa mvua. Popote utakapopata samaki, weka alama kwa vitu viwili vilivyopangana ukingoni, mti na mwamba mathalani, kisha upite tena.

Hatua ya 7: Kuelea na kutia nanga

Upepo ukiwa wa wastani, zima injini na uache boti ielee ubavu ukiwa mbele. Tupa nanga ya kuelea, ile ya kitambaa inayofunguka ndani ya maji na kuzuia, ili boti isikimbie. Tupia nzi wa bandia au kijiko chepesi upande unakoelekea, kamba fupi, ukivuta kwa kasi inayozidi kidogo ile ya boti. Njia hii ni tamu hasa juu ya maji ya mita 2 hadi 5, samaki wakiwa juu.

Nanga ni kwa ajili ya visubi wa majini wasiouma, ambao mabundo yao, yaani wadudu walio katika hatua ya kati ya lava na mdudu kamili, hupanda kutoka kwenye tope hadi juu kuota mabawa. Chagua ghuba ya mita 3 hadi 7 yenye sakafu laini. Pima kina kwa chubwi, kisha weka bundo la bandia kama sentimita 30 juu ya sakafu, chini ya boya dogo, na utulie. Subira inahitajika kweli: chambo kinakaa tu, kinatikiswa na viwimbi. Boya likizama hata kidole kimoja, inua ufito. Kamba ya nanga iwe angalau mara tatu ya kina, na upepo ukiongezeka iwe mara tano. Nanga ifungwe omo. Ikifungwa tezi kwenye mawimbi, maji huingia nyuma na boti hujaa kwa muda mfupi wa kutisha.

Hatua ya 8: Samaki akishika

Breki ya rili iwe imepangwa mapema ianze kuachia kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi wa kilo 4, ni kilo 1 na kidogo. Boti iendelee mbele taratibu kwanza, mshipi usilegee, huku mwenzako akiingiza mishipi mingine. Trauti upinde wa mvua ataruka. Akiruka, shusha ncha ya ufito ili akianguka asiukate mshipi uliokaza. Wa kahawia atachimba kwenda chini na kutikisa kichwa, na dawa yake ni kumvuta kutoka pembeni, usimnyanyue moja kwa moja.

Wavu uwe wa mpira au wa nyuzi zisizo na mafundo, na uwe umeloa. Uzamishe na utulie, mlete samaki juu yake akiwa ametangulia kichwa, ndipo uinue. Anayemfukuza samaki kwa wavu humkosa. Mwenye wavu abaki amekaa.

Hatua ya 9: Kumwachia, au kumchukua kwa heshima

Amua kabla hujamgusa. Kama unamwachia, abaki majini ndani ya wavu. Loanisha mikono, chomoa ndoana kwa koleo, na kama ni lazima umtoe kwa picha basi isizidi sekunde 10. Ute ulio juu ya ngozi yake ndio kinga yake dhidi ya maradhi, na mkono mkavu huukwangua. Ndoana ikiwa kooni, kata mshipi karibu na mdomo uiache. Samaki aliyetoka kwenye kina huenda akatoa mapovu mdomoni, na hiyo si dalili mbaya: kibofu chake cha hewa kina mrija unaofika kwenye koo, kwa hiyo anaweza kuipunguza hewa mwenyewe, jambo ambalo samaki wengine wengi hawawezi. Ila maji ya juu yakifikia nyuzi 20, acha kabisa kuvua kwa kuachia. Samaki ataondoka akiogelea vizuri machoni pako, kisha afe baadaye.

Kama unamchukua, mpige mara moja kwa nguvu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, kisha kata matamvua damu itoke. Kumwacha agaragare sakafuni mwa boti ni ukatili, na nyama nayo huharibika. Mtumbue mapema, na usisahau ule mstari mweusi wa damu unaolala chini ya uti wa mgongo: upitishe ukucha wa kidole gumba toka mkiani hadi kichwani, usuuze, kisha mlaze samaki kwenye barafu. Hakikisha kwanza sheria inaruhusu matumbo kutupwa ziwani. Kwingi hairuhusu.

Kabla hujatupa chochote, pasua tumbo la chakula la samaki wa kwanza na ulikamulie kwenye kikombe cheupe chenye maji. Ukiona uji wa rangi ya kahawia au kijani wenye vidoa vidogo mno, hao ni viroboto-maji: alikuwa akila katikati ya maji, na viroboto-maji hushuka mchana na kupanda jioni, kwa hiyo kina chako kipande nao magharibi inapokaribia. Ukiona konokono na vijiti, alikuwa akiokota sakafuni, basi sogea karibu na ukingo na ushushe chambo. Mabawa na mchwa wenye mbawa? Alikuwa juu, ondoa risasi zote. Samaki wadogo wakiwemo, pima urefu wao na uchague kijiko kinacholingana nao. Hapa, na hapa tu, ndipo chambo kinapostahili kufikiriwa kwa muda mrefu.

Hatua ya 10: Boti ikitoka majini

Maziwa ya milimani yamejitenga, na viumbe vyake havijui kupambana na wageni. Kome aina ya kwaga, aliyetokea eneo la Bahari Nyeusi, alionekana Bodensee mwaka 2016 na sasa ameenea humo kwa wingi, akiziba mabomba na kuchuja chakula ambacho vijidudu vya ziwa hukitegemea. Lava wake hawaonekani kwa macho, na husafiri kwenye maji kidogo tu yaliyobaki chini ya sakafu ya boti. Kwa sababu hiyohiyo usibebe samaki hai wa chambo kutoka ziwa moja kwenda jingine, wala usimwage ndoo ya chambo majini.

Kwa hiyo fungua kizibo cha chini maji yote yatoke ukiwa bado ukingoni, ng'oa kila unyasi kwenye nanga, kamba na injini, suuza boti kwa maji ya moto kama yapo, kisha iache ikauke kabisa, pamoja na wavu, viatu na sponji ile ya kipimajoto, kabla ya kuishusha kwenye ziwa lingine.